Kuamsha wasiwasi maabara kwa kaboni dayoksaidi ya asilimia 7.5

Mtu mwenye afya njema akivuta hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 7.5 kwa dakika 20, wasiwasi humpanda na kumkaa muda wote huo. Mvuto mmoja wa asilimia 35 huleta kiwewe cha ghafla kinachopita upesi. Ukitaka kupima dawa za wasiwasi unaodumu, chagua 7.5. Kazi hii ni ya kituo chenye kibali cha kamati ya maadili na daktari aliye karibu. Nyumbani haifanywi kamwe.

Agiza mtungi uliochanganywa na kuthibitishwa kiwandani: kaboni dayoksaidi 7.5, oksijeni 21, inayobaki naitrojeni. Oksijeni isipungue hata kidogo, maana ikipungua utakuwa unapima kukosa hewa. Mtungi wa pili uwe wa hewa ya kawaida, na yote miwili ikae nyuma ya pazia. Jaza kwanza mfuko wa Douglas (mfuko mkubwa wa kuhifadhia gesi), kisha mtu avute kutoka humo kupitia barakoa yenye vali ya njia moja. Akivuta moja kwa moja mtungini, mlio wa gesi utamtisha kabla gesi yenyewe haijamfikia.

Usimchukue mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, presha ya juu, kifafa au mimba, wala ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kupatwa na mashambulio ya hofu. Chai na kahawa aziache tangu usiku wa manane, kwa sababu kafeini peke yake huongeza wasiwasi.

Majaribio mengi huharibikia kwenye barakoa. Ziba kwa kiganja tundu la kuingizia hewa, mwombe avute taratibu. Barakoa ikinywea na kumng'ang'ania usoni, imekaa sawa. Ukisikia kamluzi pembeni mwa pua, au akipepesa macho kwa upepo, inavuja: hewa ya chumba itaingia na hujui tena anavuta asilimia ngapi. Ndevu nene hazizibiki, usilazimishe.

Kabla hajatia saini, mweleze bila kuficha: atahema, moyo utamwenda mbio, atatoka jasho, huenda akaona kizunguzungu. Asichojua ni mtungi upi unatumika saa hiyo. Nusu ya watu waanze na hewa, nusu na gesi. Dodoso la wasiwasi lijazwe kabla, na tena mara tu gesi inapokwisha, akiuelezea ule wakati wasiwasi ulipomzidi. Ukimuuliza kila dakika "unaogopa?", hofu umeipanda wewe.

Barakoa aivue mwenyewe wakati wowote, na asidaiwe sababu.

Unapopima dawa mpya, weka pia kundi la kulinganishia linalopewa lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, miligramu 2 za kumeza saa mbili kabla ya gesi. Lorazepamu isiposhusha alama za dodoso, kagua barakoa kwanza. Waliomeza wasiendeshe gari siku hiyo. Kichwa kinaweza kuuma baadaye. Mpigie kesho yake umuulize hali.