Chai ya kijani ya Kichina: joto la maji na kinachotoka kwenye jani

Ukiichemsha sufuriani kama unavyopika chai ya rangi, chai ya kijani hutoka chungu, na ukakasi wake hukausha ulimi. Mara nyingi majani hayana kosa, kosa ni moto.

Mmea ni uleule wa Kericho na Mufindi. Majani ya chai nyeusi husagwa, yakaachwa yapate hewa, na kimeng'enya kilichomo hugeuza katekini, kemikali za asili za jani la chai, kuwa rangi nyekundu ya kahawia. Wachina hukiua kimeng'enya hicho mapema kwa kukaanga majani mabichi kwenye karai la moto, kazi inayoitwa shaqing. Chai aina ya Longjing, ya mji wa Hangzhou, hukandamizwa humohumo karaini mpaka iwe bapa. Aina ya Gunpowder huviringishwa kuwa vidonge vigumu. Katekini nyingi hubaki kama zilivyokuwa, na iliyo nyingi kuliko zote ni EGCG.

Ndani ya kikombe kuna mambo matatu ya kuangalia. Katekini huleta ukakasi na uchungu, kafeini huongeza uchungu, na theanini, ambayo ni asidi amino, huleta utamu mpole unaokaribia ladha ya supu. Theanini hutoka kirahisi hata kwa maji ya vuguvugu. Hizo mbili nyingine hutoka zaidi kadiri maji yanavyokuwa moto na muda unavyorefuka.

Kwa hiyo tumia gramu 3 kwa mililita 200 za maji. Gunpowder ni nzito, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Longjing ni nyepesi, weka viwili vilivyojaa. Maji yawe nyuzi 80, au 75 kwa vichipukizi laini. Kama huna kipimajoto, changanya vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya nyuzi 25: utapata 81. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, hivyo mchanganyiko huo hufika kama 77, na bado unafaa. Changanya kwanza ndipo umimine. Ukimwagia majani maji yanayochemka na kuyapoza baadaye, yameshaungua.

Acha dakika 2 bila kufunika, kisha chuja yote. Majani hayohayo yanakubali maji ya pili kwa dakika 2 na ya tatu kwa dakika 4. Wapo wanaomwaga maji ya nusu dakika ya kwanza wakiamini wameondoa kafeini. Sehemu kubwa bado imo kwenye jani. Anayetaka kafeini kidogo aloweke gramu 5 kwenye nusu lita ya maji baridi, kwenye friji, kwa saa 6.

Chai ikibadilika kuwa ya kahawia, angalia maji. Maji ya visima vya Pwani yenye chokaa nyingi huiharibu katekini haraka, na kukaa kwenye chupa ya chai kwa saa nyingi hufanya vivyo hivyo. Matone machache ya limau hupunguza tatizo hilo.

Kuhusu afya, tuseme ukweli: chai hii inaweza kushusha kolesteroli mbaya kidogo, lakini si dawa ya kupunguza uzito. Jambo linalotupasa kulijali zaidi ni madini ya chuma. Katekini hushikana na chuma cha maharage na mchicha tumboni, kisifyonzwe. Usinywe pamoja na chakula. Subiri angalau saa moja, hasa kama una upungufu wa damu. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka vyanzo vyote, na kikombe kimoja kina takriban 20 hadi 45. Anayetumia dawa za warfarin (ya kuzuia damu kuganda), nadolol (ya shinikizo la damu) au bortezomib (ya saratani) amuulize daktari kwanza.

Vidonge vya dondoo ya chai ya kijani ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba virutubisho vyenye EGCG miligramu 800 au zaidi kwa siku vilihusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Kunywa chai, acha vidonge.

Hifadhi majani kwenye kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, mbali na iliki na karafuu, maana hunyonya harufu upesi. Yakipoteza ukijani na kunuka kama nyasi kavu, yamechakaa. Hayana sumu, ila hata ukipima joto sawasawa hutapata tena ule utamu wa theanini.