Somo la takwimu kwa O-level: liangalie jedwali kwanza ndo ushike fomula

Wadau habari zenu, hasa nyie madogo wa form three na form four na wazazi mnaokaa na watoto usiku kwenye hizi hesabu. Leo tunapitia takwimu, taratibu, chukua daftari na kalamu maana kusoma tu kwa macho haitoshi.

Hii mada mnaanza nayo form two kwenye majedwali na grafu, form three inarudi na wastani, mediani na modi, na mimi naamini kabisa ndo mada ambayo hata mtoto anayeogopa hesabu anaweza kubeba maksi zake zote, kwa sababu kazi yenyewe ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, basi. Kinachowaangusha wengi ni kukimbilia fomula kabla hawajaliangalia jedwali. Kwa hiyo somo zima naliendesha hivi: kabla hujakokotoa chochote, sema kwanza jibu litaangukia wapi. Ukishakokotoa ukakuta limeenda kwingine, kuna mahali umeteleza, rudi ukatafute.

HATUA YA 1: Jua kila kipimo kinakwambia nini

Chukua madereva bodaboda watano wa kijiwe kimoja, mapato yao ya siku ni 12,000, 15,000, 15,000, 18,000 na 20,000. Jumla 80,000, gawa kwa 5, wastani 16,000. Mediani ni yule anayekaa katikati ukishawapanga kutoka mdogo kwenda mkubwa, hapo ni 15,000. Modi ni namba inayojirudia zaidi, nayo ni 15,000. Vyote vitatu viko jirani, hamna shida.

Sasa aje mwenye lori akae nao hapo kijiweni, yeye siku hiyo kaingiza 160,000. Jumla inakuwa 240,000, watu 6, wastani unaruka mpaka 40,000!! Angalia vizuri hiyo namba, hakuna hata mmoja pale anayekaribia 40,000, watano wako chini kabisa na mmoja yuko juu kabisa. Mediani sasa watu ni 6 kwa hiyo unachukua wawili wa katikati, 15,000 na 18,000, unajumlisha unagawa kwa 2, ni 16,500. Imesogea kidogo tu. Modi haijasogea kabisa. Ndo maana ukisikia wastani wa kipato mahali popote jiulize kama kuna mwenye lori humo ndani.

Na wastani si lazima uwe kitu kinachoweza kuonekana. Sensa yetu ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na hakuna nyumba yenye watu wanne na robo na kidogo, ni watu wote wamegawanywa kwa kaya zote.

HATUA YA 2: Jedwali la makundi

Hapa ndo mtihani unapokaa. Tuseme darasa la wanafunzi 40 wamefanya jaribio la hesabu na alama zao zikapangwa hivi:

21-30: watu 3
31-40: watu 6
41-50: watu 9
51-60: watu 12
61-70: watu 7
71-80: watu 3

Cha kwanza jumlisha hao watu, 3+6+9+12+7+3 = 40. Usiruke hii hata kama swali limeshakwambia ni 40, maana ukinakili namba moja vibaya kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Alafu tulia uliangalie. Kundi lenye watu wengi zaidi ni 51-60, katikati yake (51 jumlisha 60, gawa kwa 2) ni 55.5. Kushoto kwake kuna watu 18, kulia kuna 10. Kwa hiyo uzito unavutia kushoto, wastani lazima uwe chini ya 55.5 ila sio chini sana. Andika pembeni kwa penseli, "kama 50 na kitu".

HATUA YA 3: Wastani kwa njia ya A

A ni wastani wa kukisia. Chagua katikati ya kundi lolote, ila la katikati lenye watu wengi linakurahisishia, kwa hiyo A = 55.5. Katikati za makundi yetu ni 25.5, 35.5, 45.5, 55.5, 65.5, 75.5. Toa A kwa kila moja unapata d: -30, -20, -10, 0, 10, 20. Zidisha kila d na idadi ya watu wake:

3 × -30 = -90
6 × -20 = -120
9 × -10 = -90
12 × 0 = 0
7 × 10 = 70
3 × 20 = 60

Hasi zote ni -300, chanya zote ni 130, jumla -170. Gawa kwa 40 unapata -4.25. Wastani = 55.5 - 4.25 = 51.25. Imekaa palepale tuliposema. Angekuwa mtu kasahau ile alama ya kutoa angepata 59.75, na kwa kuwa alishaandika "chini ya 55.5" pembeni angejistukia mwenyewe kabla ya msahihishaji.

HATUA YA 4: Mediani

Nusu ya 40 ni 20, kwa hiyo tunamtafuta mtu wa 20. Jumlisha kwa kulimbikiza: 3, 9, 18, 30, 37, 40. Mpaka mwisho wa 41-50 tumepata watu 18, wa 20 yuko ndani ya 51-60. Tunahitaji wawili tu kati ya 12 wa humo, maana yake mediani iko mwanzoni mwa kundi, karibu na 50.

Fomula ni L + (N/2 - nb) ÷ nw × i. N ni watu wote, 40. L ni mpaka wa chini wa kundi, 50.5, yaani katikati ya 50 na 51. nb ni waliotangulia, 18. nw ni waliomo, 12. i ni upana, 10. Kwa hiyo 50.5 + (20 - 18) ÷ 12 × 10 = 50.5 + 1.67 = 52.17.

Jamani L ni 50.5, SIO 51. Hapa ndo maksi zinamwagika kila mwaka. Na upana ni 10 sio 9, toa mpaka kwa mpaka, 60.5 - 50.5.

HATUA YA 5: Modi

Kundi la modi ni hilohilo 51-60. t1 ni tofauti na kundi la kabla, 12 - 9 = 3. t2 ni tofauti na la baada, 12 - 7 = 5. Modi = L + t1 ÷ (t1 + t2) × i = 50.5 + 3/8 × 10 = 54.25. Jirani wa kushoto ana watu wengi kuliko wa kulia kwa hiyo modi inavutwa kushoto ya 55.5, na kweli imevutwa.

HATUA YA 6: Grafu

Kwa haraka. Histogramu mihimili inagusana na unachora kwa mipaka, 20.5, 30.5 mpaka 80.5. Poligoni unaweka nukta kwenye katikati za makundi, na unaifunga chini pande zote mbili, kwa jedwali letu 15.5 na 85.5, usiiache inaning'inia. Grafu ya marudio limbikizi, ile yenye umbo la S, nukta zinakaa kwenye mpaka wa JUU wa kila kundi, unaanzia 20.5 ukiwa na sifuri.

Grafu ya duara ni sehemu kugawa kwa jumla mara 360. Mfano wa kweli, sensa ya 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, kati yao Zanzibar 1,889,773. Gawa, zidisha kwa 360, unapata kama nyuzi 11, Bara inabaki na 349. Chora uone, kipande chembamba kabisa, namba ndefu zile ghafla zinaonekana.

Haya maswali wekeni hapa chini, ntajibu moja moja.

MASWALI

Mwanafunzi form four, Singida: Shikamoo ticha. Je nikichagua A nyingine jibu halibadiliki? Mwenzangu kachukua 45.5.

Jibu: Marahaba. Halibadiliki. Kwa 45.5, d zinakuwa -20, -10, 0, 10, 20, 30, na ukizidisha na watu unapata -60, -60, 0, 120, 140, 90, jumla 230. Gawa kwa 40 ni 5.75, jumlisha na 45.5 unapata 51.25 ileile. Mkipata tofauti mmoja wenu kakosea hesabu, sio A. Kaeni pamoja mtafute ni mstari upi.

Mzazi: Mwalimu ahsante sana kwa somo. Mwanangu kapata 52 na wastani wa darasa ni kama huo wako, 51.25. Kwa hiyo yuko kwenye nusu ya juu?

Jibu: Mama swali zuri mno hili. Hapana, sio lazima. Yuko juu ya wastani, ila anayegawa darasa nusu kwa nusu ni mediani, na hapa mediani ni 52.17, kwa hiyo kwa makadirio ya jedwali mwanao yuko palepale kwenye mstari, kidogo chini. Hao watatu wa 21-30 ndo wanaovuta wastani chini. Muombe mwalimu wake akuonyeshe nafasi yake darasani, hiyo ndo itakujibu moja kwa moja.

Mdau: Kuna swali makundi yameandikwa 20-30, 30-40, 40-50. Hapo natoa 0.5 au?

Jibu: Usitoe. Ile 0.5 inatokea kwa sababu kati ya 30 na 31 kuna pengo la 1, tunaligawa nusu kwa nusu. Hapo pengo hakuna, L ya kundi la 30-40 ni 30 yenyewe. Na kama pengo ni 0.1, mfano 1.0-1.4, 1.5-1.9, basi unatoa 0.05.

Mwanafunzi form three: Je kama kundi lenye watu wengi ni la kwanza kabisa? t1 napata wapi??

Jibu: Kabla yake kuna watu 0, kwa hiyo t1 ni idadi yake yote kutoa 0. Likiwa la mwisho fanya hivohivo kwa t2.

Mdau wa Mtwara: Naomba na lile la kutafuta x, linatusumbua. Alama 2, 3, 4, 5, watu 4, x, 5, 4, wastani 3.45.

Jibu: Twende. Alama mara watu: 8 + 3x + 20 + 20 = 48 + 3x. Watu wote 13 + x. Kwa hiyo 48 + 3x = 3.45(13 + x) = 44.85 + 3.45x. Hamisha, 3.15 = 0.45x, x = 7. Sasa hakiki, 48 + 21 = 69, watu 20, 69 ÷ 20 = 3.45. Na hapa x ni idadi ya watu, ukipata 5.5 au hasi rudi juu ukague ile hatua ya kufungua mabano, mara nyingi mtu anazidisha 13 anaiacha x.