SOMO: Nyanya zinakufa ghafla? Chunguza kabla hujakimbilia duka la dawa

Kila masika na kila vuli swali ni lile lile: "Nyanya zinanyauka, nipige dawa gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Umri wa mche. Kitaluni shina limesinyaa usawa wa udongo: kinyausi (ugonjwa wa kuoza miche), miche imebanana na maji yamezidi. Umehamishia shambani juzi na shina limekatwa kama kwa wembe: sota, kiwavi anayekata miche. Fukua pembeni ya shina, utamkuta amejikunja.

2. Mizizi. Chimba, usivute. Mafundo ni minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni. Mizizi imeoza na inanuka: maji yamesimama, inua tuta hadi sm 30.

3. Glasi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mche umenyauka majani yakiwa bado kijani? Kata kipande cha shina sm 5, karibu na ardhi, kwa kisu kikali. Futa udongo. Kining'inize kwenye glasi angavu ya maji safi, ncha ya chini iguse maji tu. Subiri dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko bakteria. USITIKISE glasi, uzi utapotea na utajidanganya shamba ni zima. USITUMIE mche uliokauka jana. Na kisu hicho usikipeleke kwenye mche mzima kabla ya kukiosha kwa jiki (sehemu 1, maji 9). Uzi usipotoka, pasua shina: likiwa kahawia ndani na majani ya chini yalianza kuwa njano upande mmoja, shuku mnyauko fuzari, huo ni wa kuvu, si bakteria.

4. Mabaka meusi yenye majimaji, asubuhi ukungu mweupe chini ya jani, hali ya hewa baridi na mvua: bakajani chelewa. Huyu ndiye wa kupuliziwa dawa, tena mapema.

5. Mbolea: kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, sm 10 kutoka shinani, fukia. Ikigusa shina inaunguza.

MASWALI

Kibarua_88: Mkuu zangu zinakauka, dawa gani nzuri?
— Hatua ya 3. Ukimaliza, rudi na jibu.

Kibarua_88: Nimeshapiga mankozebu mara tatu. Labda ni feki?
— Hata ingekuwa halisi. Mankozebu ni dawa ya ukungu, inakaa juu ya jani; kama glasi imetoa uzi, bakteria yuko ndani ya shina. Ng'oa, toa na udongo wake, choma. Na usipitishe maji ya mfereji kutoka hapo kwenda kwa wazima.

MamaBustani: Kwa nini mchana zinalegea, asubuhi zinasimama?
— Swali zuri, dada. Bakteria wanaziba mishipa ya maji. Jua likiwaka, jani linapoteza maji kuliko yanayopita; usiku hitaji linapungua, mche unajazia. Mishipa ikizibika yote, hausimami tena.

MamaBustani: Basi nipande hoho palepale?
— Hapana. Hoho, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Weka mahindi misimu kadhaa. Na mnavu unaojiotea ung'oe, unamhifadhi huyo huyo bakteria.

Mzee_wa_Tuta: Kuhusu sota, mimi navingirisha gazeti shinani wakati wa kuhamisha, sm 3 chini ya udongo, sm 5 juu.
— Inafanya kazi, mzee. Likija kuoza, shina limeshakomaa na sota haliwezi.