Bunduki bandia ya mtumba: jinsi ya kuinunua Malindi bila kujitia matatani

Watu watatu washaniuliza mwezi huu ile bunduki ya kikundi chetu tuliitoa wapi, wacha niandike mara moja nipumzike.

Sisi tuna kikundi cha maigizo hapa Malindi, na tulikuwa tunaandaa igizo la mwaka 1940, ule wakati ndege za Waitaliano zilikuja kuangusha mabomu hapa mjini. Tulitaka askari mmoja wa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na bunduki yake. Mara ya kwanza tukachonga mti tukaupaka rangi nyeusi, watu wakacheka mpaka askari mwenyewe akacheka jukwaani. Ndio nikasikia kuna mzee maeneo ya Shela anauza vitu vya Mwitaliano aliyefunga nyumba akarudi kwao, na ndani yake kuna Lee-Enfield, ile bunduki ya zamani ya askari wa Kiingereza, lakini ya kuigiza, sio ya vita, ya kiwandani ya siku hizi, mbao na chuma. Kule Hispania kuna kampuni ya Denix wanatengeneza za namna hii, hazipigi risasi.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kwenda kuiona, pitia kituo cha polisi uwaambie unataka kununua nini na ya nini. Najua utasema mbona nijitafutie maneno, lakini sheria yetu ya silaha, ile Sura 114, inataja mpaka bunduki bandia, na ukishikwa nayo usiku utamweleza nani habari za maigizo? Uliza pia kama Bodi ya Leseni za Silaha inataka chochote kutoka kwako. Mimi nilienda na barua ya kikundi yenye muhuri, wakaisoma, wakanipigia muhuri wao, na nakala yake hukaa na bunduki daima.

Ukifika kwa muuzaji, usiishike. Muombe yeye mwenyewe aifungue bolti, kile chuma chenye mkono kinachosukuma risasi ndani, na mdomo wa mtutu uwe umeelekea ukutani, manake mpaka ujue ni bandia ichukulie ni ya kweli na ina risasi. Mzee wangu alinicheka, "mwanangu hii haimuui hata kunguru," nikamwambia mzee wangu nivumilie tu. Halafu fanya hivi. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, uipitishe kwenye mtutu na pale bolti inapokaa. Hizi za kuigiza nyingi ni madini ya zinki, sumaku haishiki, itashika springi na skrubu basi. Ikinata mtutu mzima, tia shaka. Kisha umulike kwa tochi ya simu pale risasi ingeingia. Bandia utakuta pamezibwa, chuma kitupu, hakuna nafasi ya risasi kukaa. Ya kweli ina tundu linalopita mpaka mwisho na ndani kuna mistari inayozunguka kama uzi wa skrubu. Ukiona mistari hiyo, iache hapo hapo ilipo, usipige bei, usiipige picha, nenda kawaambie polisi. Silaha za zamani bado ziko kwenye masanduku ya watu na mwenye sanduku hajui.

Sasa ikishakuwa bandia ndio uangalie kama inafaa kwa kazi yako, na hapa wengi hubugi. Lee-Enfield sio moja. Ile ya zamani, No. 1 Mk III, mdomo wake mbele umekatwa butu, mtutu na kile kifuniko cha chuma cha ncha ya mbao vimelingana. Ile No. 4 iliyokuja baadaye mtutu umechomoza kidogo mbele. Kwa askari wa 1940 huku kwetu utataka yenye mdomo butu. Magazini ya kweli hubeba risasi 10 za .303, urefu wa bunduki ni kama mita 1.13, na uzito karibu kilo 4, kwa hiyo ukiibeba ikiwa nyepesi kama fimbo ya mkwaju mwigizaji ataibeba kama fimbo na watazamaji wataona. Yangu ilikuwa nzito, tena sana, kijana wetu alilalamika bega wiki nzima, nikamwambia ndivyo hivyo hivyo mababu zetu walivyolalamika.

Halafu ubovu. Zinki haipindi, inavunjika. Angalia mkono wa bolti, ile pete inayozunguka triga, na vishikio vya mkanda, ndipo ufa unapoanza. Pitisha ukucha, jicho linadanganya hasa kama mtu ameshapaka rangi juu. Mimi nilikuta ufa mwembamba kama unywele kwenye kishikio cha mkanda cha mbele, mzee aliujaza kiwi ya viatu! Nikamwonyesha, akaangalia dari. Bei ikashuka kutoka elfu kumi na tano mpaka tisa. Na usije ukampelekea fundi wa kuchomea vyuma, zinki inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 400 hivi, akiweka moto wake tu utabaki na tone. Tumia gundi ya kuchanganya mbili, ile Araldite, usubiri siku nzima. Mbao nayo angalia pale kwenye shingo, nyuma ya triga, mkono unaposhika. Ikiwa imepasuka hapo na umekusudia watu waigize vita, iache.

Kuibeba sasa. Hapa nilifanya ujinga, wacha niukiri. Niliifunga kwa leso mbili nikapanda tuktuk, leso zikateleza, kitako kikatokeza nje, na mama mmoja barabarani akapiga ukelele mpaka dereva akasimama katikati ya njia. Nilitetemeka kama niliyeiba. Tangu siku hiyo inasafiri ndani ya sanduku refu la mbao lenye kufuli, bolti imetolewa imewekwa kando, barua mfukoni, kwa gari ya mtu ninayemjua. Boda boda hapana. Na kuipeleka Lamu kwa basi usithubutu kabisa, ile njia ya Gamba na Witu ina vizuizi na wakati mwingine magari husindikizwa na askari, hao wameona mengi na hawatakuuliza kama ni zinki. Wenzetu wa Lamu walituomba tuwaazime, nikawaambia chongeni yenu.

Kuitunza si kazi kubwa, adui ni chumvi tu. Upepo wa kusi ukianza utaona unga mweupe kwenye chuma, huo sio kutu ya kawaida, ni zinki inaliwa. Futa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, sio ya kisima (visima vyetu vingi vina chumvi), kausha vizuri, upake nta kidogo. Msasa usiguse, utatoa ile rangi ya kiwandani na hairudi. Mbao ipake mafuta ya kitani matone machache, usitie mafuta ya nazi hata kama bibi alikuambia yanafaa kila kitu, baada ya mwezi itanuka na sisimizi watahamia.

Usiitundike kwenye ukuta wa mawe ya bahari moja kwa moja, ule ukuta hupitisha unyevu usiku. Sisi tumeweka vipande viwili vya kandambili nyuma yake hewa ipite, na mlango wa hicho chumba una kufuli, funguo moja ninayo mimi na nyingine anayo mwenyekiti.