Harufu ukeni: usikimbilie sabuni

Dada, ukihisi harufu usiyoizoea ukeni, cha kwanza kuacha ni kujisafisha kwa ndani. Uke una bakteria walinzi wanaotengeneza asidi (pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, kati ya 3.8 na 4.5), na ndiyo inayozuia vijidudu vingine visizaliane. Ukiingiza kidole chenye sabuni, ndimu, siki au marashi, unawafukuza walinzi wenyewe, kisha harufu inarudi kwa kishindo. Nje, maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni kama ni lazima, iwe isiyo na manukato, na iishie kwenye mashavu ya nje.

Harufu kidogo ni kawaida, nayo hubadilika na hedhi au jasho. Ila shombo la samaki linalozidi baada ya tendo la ndoa, pamoja na ute mwepesi wa kijivu, mara nyingi ni uwiano wa bakteria uliovurugika, na hutibiwa kwa antibayotiki za kuandikiwa. Fangasi kwa kawaida hawanuki sana. Wao huwasha, na ute wao ni mzito kama maziwa ya mgando. Basi dawa ya fangasi ya kukisia ni hela ya bure. Ute wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzi naye atibiwe.

Mhudumu wa afya mwambie harufu ilianza lini na kama una mimba. Usione haya, ameshayasikia mengi. Ukiwa na homa au maumivu chini ya kitovu, nenda siku hiyohiyo.