Ukikodi gari Tanga, ulizia bima kabla ya bei

Wanaokodi gari Tanga mjini, ulizeni kwanza gari lina bima ndogo au kubwa. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu. Bampa, taa na mlango wa gari ulilokodi vitakuhusu wewe. Kubwa inalipia na gari lenyewe, ila uliza ni kiasi gani unatoa mfukoni kabla ya bima kuanza kulipa. Kikiwa milioni moja, ile nyongeza ya kila siku unayoombwa na mwenye gari ili usibebe gharama za uharibifu inakulinda na nini hasa?

Soma pia visivyolipwa. Mara nyingi ni matairi, kioo cha mbele na uvungu, na ukipanda milima ya Amani kutoka Muheza, hivyo ndivyo vinavyoumia. Kwa mizunguko ya Raskazone na Ngamiani nisingelipa nyongeza kama bima kubwa ipo. Kwa kona za Soni kwenda Lushoto ningelipa bila kusita.

Stika ya bima usiiamini kwa macho. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uone kama bima iko hai. Halafu lizunguke gari na simu ukirekodi kila mkwaruzo, rimu na geji ya mafuta, mwenye gari akiwepo.