Dar es Salaam hadi Muscat: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege

Mimi ni wakala wa tiketi, na wateja wangu wengi wana ndugu Oman. Swali lao la kwanza ni bei, la pili ni "ndege inachukua muda gani?" Hesabu yake si ngumu, na ni vizuri uijue kabla hujalipa.

1. Pima uwanja kwa uwanja. Kwenye kompyuta fungua ramani ya Google, bofya kulia juu ya uwanja wa Julius Nyerere, chagua kupima umbali, kisha bofya uwanja wa Muscat. Utapata takriban kilomita 3,970. Usipime Kariakoo hadi Mutrah, kwa sababu uwanja wa Muscat uko upande wa Seeb, mbali na mji wa zamani.

Ndege haifuati mstari huo moja kwa moja. Zipo njia za angani zilizopangwa, na ikikaribia kutua huzunguka ili ikae sawa na barabara ya kutua. Mimi huongeza asilimia 3, inakuwa kama kilomita 4,090.

2. Gawa kwa mwendo wa ndege. Boeing 737 ikishatulia angani hukata takriban kilomita 840 kwa saa. 4,090 ukigawa kwa 840 ni 4.87. Angalia hapo: 0.87 ya saa si dakika 87. Zidisha kwa 60, utapata dakika 52. Ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Jumla ni saa 5 na dakika 20 hivi.

Aina ya ndege imeandikwa kwenye maelezo ya safari, na ina uzito wake. Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850: Airbus A220 huenda kwa saa moja na nusu, lakini Dash 8 ya pangaboi inakaribia saa mbili.

Upepo nao huongeza au kupunguza dakika. Ila usitumie kusi na kaskazi kukisia. Hizo ni pepo za chini, na ndege iko zaidi ya kilomita 10 juu, ambako upepo una mwelekeo wake.

3. Rekebisha saa. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo, na Muscat iko mbele ya Dar kwa saa moja mwaka mzima. Ukiondoka 15:00 (saa tisa alasiri), utatua 21:20 ya Muscat, yaani saa tatu na dakika 20 usiku. Kwenye karatasi inaonekana saa 6 na dakika 20. Kurudi, ukiondoka 09:00 unatua Dar 13:20, kana kwamba ni saa 4 na dakika 20. Angani umekaa muda uleule.

Ukiona jumla ya saa 10 au 12, ujue kuna kituo njiani. Uliza unasubiri wapi na kwa muda gani.

4. Kagua tarehe. Tiketi ikisema Jumatatu 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku ambao sisi tunauita wa Jumapili. Uwe uwanjani Jumapili saa tatu na nusu usiku. Mashirika mengi hufunga kaunta saa moja kabla ya kuruka. Ikifika saa tano na nusu hujakabidhi mzigo, safari imekupita.